Magoti ya Musawo Magid

Siku ile mjinga alikuwa Magid, na kwa kuwa mtaa mzima wa Namakwekwe ulishapata habari, hakuwa na njia ya kukana. Alichobishia kwa muda ni kiwango tu. Yeye alisema alikuwa mjinga kidogo. Majirani walisema alikuwa mjinga wa kutosha kula na kugawa.

Magid alikuwa musawo, yaani daktari. Asubuhi alitibu watu kwenye kliniki moja mjini Mbale, na mchana, akishavua koti jeupe, alifundisha wanafunzi wa udaktari walioanguka mtihani. Darasa lake lilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la jumla la sabuni, kwa hiyo wanafunzi wake walianguka mitihani wakinukia vizuri. Hakuwaficha alikotoka. Yeye mwenyewe enzi zake alianguka mpaka sakafu ikamjua kwa jina, akarudia mwaka, akarudia kurudia, na wenzake aliokaa nao dawati moja walikuwa wameshaanza kuota kitambi yeye bado anabeba madaftari.

"Msinifuate kwa sababu nina akili," aliwaambia wageni siku ya kwanza. "Nifuateni kwa sababu shimo hili nalijua. Nimelala humo. Najua mpaka pa kuweka mto."

Vitabu wanafunzi walivijua. Kilichowaangusha wengi ni mtihani wa vitendo: unaingia chumbani, mgonjwa amekaa, msahihishaji yuko pembeni kimya kama paka, na kabla kengele haijalia uwe umeshauliza, umeshapima na umeshasema mtu anaumwa nini. Magid alitengeneza mtihani wake mwenyewe. Kengele ilikuwa kifuniko cha sufuria na mwiko. Wagonjwa walikuwa majirani, waliokuja kuigiza kwa chai ya tangawizi na mandazi.

Mgonjwa aliyesifika kuliko wote alikuwa Afande Wangila, askari mstaafu, aliyekubali ugonjwa mmoja tu, moyo. Siku moja Magid alimwomba aigize kuhara. Afande alisimama, akavaa kofia.

"Hapana," alisema. "Askari hapana kufa na tumbo."

Mwingine alikuwa Kulusumu, muuza mikeka na makawa ya kufunikia chakula, mjukuu wa askari wa Kinubi waliokuja zamani kutoka Sudani. Kulusumu aliigiza chochote, hata uchungu wa kuzaa, ambao aliuigiza vizuri hivi kwamba mwenye duka la sabuni alifunga mlango akaenda kutafuta gari.

Kwenye chumba hicho ndiko alikofika Nusifa, binti wa Kisoga kutoka Buwenge. Kwenye mtihani wa karatasi hakuna aliyemfikia. Lakini mtihani wa vitendo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili, na sheria ya chuo chake ilikuwa fupi: ukianguka ya tatu, kusanya godoro lako.

"Nioneshe unavyoanguka," alisema Magid. "Anguka kwa nguvu zako zote. Nataka kuona ufundi."

Kulusumu akalala kwenye mkeka, akashika kichwa, akaguna. Magid akaweka saa yake mezani. Nusifa akaingia, akapiga magoti yote mawili, akakunja mikono, na kwa sauti ya chini akaanza salamu za Kisoga. "Kodheyo, mama." Akamuuliza ameamkaje. Akamuuliza nyumba, watoto, baba wa watoto, na kwao baba wa watoto. Akamuuliza shamba. Kulusumu, ambaye hakuwa na shamba ila alipenda kuulizwa, akajibu yote kwa raha, mpaka akasahau kuguna. Wakafika kwenye kuku.

Kifuniko kikalia.

"Mgonjwa wako amekufa," alisema Magid. "Kuku wake wazima kabisa, lakini mwenyewe amekufa."

Nusifa aliinama. "Nimelelewa hivyo, mwalimu. Kwetu ukimuuliza mtu mzima ugonjwa kabla hujamuuliza nyumba yake, senge, shangazi yako, anakupiga kwa macho mpaka unavimba."

"Senge yako hatoi alama."

"Hatoi. Ila yuko kila nikifumba macho."

Kuanzia siku hiyo Magid alifanya kazi ya kukata. Salamu moja, alisema, tena ukiwa umesimama, halafu maswali. Inauma wapi, tangu lini, inakwenda inarudi, unakohoa, unatapika, unavimba. Mfululizo, bila kupumua. Nusifa akajaribu. Akikatwa magoti, aliinama kiuno. Akikatwa kiuno, shingo ilishuka yenyewe. Wanafunzi wenzake wakaanza kumsalimia kwa kucheka: "Nusifa, kuku?"

Wagonjwa nao hawakufurahi. Siku Afande Wangila alipoulizwa kwa mtindo mpya, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hii hapana daktari. Hii ni kuuliza mfungwa. Mimi nafahamu, ilikuwa kazi yangu."

Kulusumu yeye aligoma kabisa. Nusifa alisimama mbele yake akamwaga maswali yote kama alivyofunzwa, na Kulusumu akatazama dari.

"Mama, cheza ugonjwa," alisema Magid.

"Nimeumwa kichwa ulivyotaka. Sasa nimeumwa na moyo pia. Mtoto huyu jana alikuwa na adabu, leo umemfanya kondakta."

"Wagonjwa wangu kule kliniki nawauliza hivihivi, na wote wananijibu."

"Wanakujibu, ndiyo," alisema Kulusumu. "Lakini je, wanakwambia?"

Hapo ndipo mdomo wa Magid ulipomtangulia mwenyewe. Alicheka, akasema mgonjwa ni mgonjwa, swali ni swali, na kama kuna mtu Uganda nzima ambaye yeye hawezi kumtoa ugonjwa kwa maswali yake, aletwe. Kulusumu akakaa kitako juu ya mkeka.

"Mama yangu yuko Jinja, Walukuba. Kuna kitu kinamsumbua na hatuambii, tunaona tu anavyoshikilia ukuta. Njoo na maswali yako. Binti aje na kuku wake. Tuone atamwambia nani."

"Nikishinda?"

"Nitaigiza kuhara mpaka mwaka uishe."

"Nikishindwa?"

Kulusumu aliangalia wanafunzi wote, mmoja mmoja, kuhakikisha wanasikia. "Utanipigia magoti. Yote mawili, mikono umekunja, unisalimie kama binti wa Kisoga, mpaka nitakapochoka kujibu."

Wanafunzi walipiga meza. Mwanamume kupiga magoti mbele ya muuza mikeka ni jambo ambalo watu wangelifungia maduka. Magid akapeana naye mkono, kwa kujiamini kabisa.

Jumapili wakafika Walukuba, wote watatu. Mama yake Kulusumu, Haboba Ramula, maana haboba ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi, alikuwa barazani anashona kawa, vidole vyekundu kwa hina, uzi wa manjano mdomoni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu anayejua mzaha kabla haujasemwa. Kulusumu alimwambia kwamba hawa ni wasawo wawili wanataka kumuuliza hali yake, kila mmoja kwa zamu. Haboba akasema karibuni, akasogeza nyuzi.

Magid alianza. Aliwaacha Nusifa na Kulusumu uani, akavuta kigoda.

"Assalamu alaikum, Haboba. Unaumwa wapi?"

Haboba alimtazama kidogo. "Waalaikum salaam. Wewe unaona wapi?"

"Kichwa?"

"Kichwa, ndiyo."

"Unakohoa?"

"Nakohoa, mwanangu."

"Makohozi yana damu?"

Alifikiri. "Ipo."

"Kifua kinabana ukipanda mlima?"

"Kinabana sana," alisema Haboba, ingawa Walukuba ni tambarare kama sahani.

"Miguu inavimba? Mgongo? Mkojo unauma? Mikono inakufa ganzi?"

"Yote, baba. Umesema kweli."

Magid alihisi raha ya mvuvi ambaye kila akitupa ndoano anatoa sangara. Kila alichouliza kilikuwepo. Alitoka barazani amebeba hospitali nzima kichwani, akamvuta Kulusumu pembeni, uso umemshuka.

"Dada yangu, mzaha tuuache. Mama yako ana moyo, ana mapafu, figo sina hakika lakini hata zenyewe nadhani. Huyu mtu alazwe leo."

Kulusumu alimtazama. "Mama huyu? Asubuhi amefua mapazia ya nyumba mbili."

"Ndiyo ushujaa wa wazee."

"Na mikono aliyoinyoosha juu kuyaanika kwenye kamba?"

"Kulusumu, mimi ndiye musawo."

"Sawa. Ngoja binti naye aingie, kisha tuite gari."

Nusifa aliingia barazani, na bila kumtazama mwalimu wake akapiga magoti yote mawili. Magid alijiegemeza kwenye nguzo ya uani, ambako aliweza kusikia, akakunja mikono kifuani. Salamu zikaanza, kwa "ninyi" ya heshima. Usiku, nyumba, watoto, wajukuu. Haboba aliacha kushona. Alitoa uzi mdomoni. Wakapita kwa marehemu mume, wakamwombea, wakatoka huko taratibu. Magid alipiga miayo.

"Na msikitini mnaendelea vizuri, Haboba?"

"Msikiti upo. Ni mimi sipo."

"Mmesafiri?"

"Hapana, mwanangu. Nikisujudu, nikiinuka dunia inazunguka. Ijumaa ile nilimwangukia mke wa imamu. Nikaona bora niswali nyumbani, hapa nikianguka namwangukia mto."

Magid aliacha kupiga miayo.

"Poleni sana," alisema Nusifa. "Na majirani? Wanakuja kuwaona?"

"Jirani yangu Selpher ni mtu wa peponi. Dini mbalimbali, lakini moyo mmoja. Ana presha kama mimi. Akipata vidonge vyake ananigawia."

"Naye mmemgawia vya kwenu?"

"Vya hospitali yangu? Hapana, vile namaliza mwenyewe. Asubuhi nameza vyangu, halafu nameza vya Selpher, kwa upendo."

Nusifa akaomba, kama mtu anayeomba kuona kitambaa kipya, kuona vidonge vya upendo. Haboba akaleta pakiti mbili. Magid alitoka kwenye nguzo, hakujizuia, akazichukua, akazisoma, akazigeuza. Dawa ilikuwa moja. Ilivaa kanzu mbili, ya rangi mbili, kutoka viwanda viwili, na kila asubuhi Haboba alikuwa akiishusha presha yake mara mbili mpaka ikashindwa kusimama pamoja naye.

"Kikohozi?" Magid alimuuliza, kwa sauti ndogo.

"Kikohozi gani?" alisema Haboba.

Walimpima akiwa amekaa, wakampima akiwa amesimama, na presha ikaanguka aliposimama, kama mwenyewe alivyomwangukia mke wa imamu. Wakapanga kesho yake apelekwe na pakiti zote mbili kwa daktari wake, na Selpher abaki na vidonge vyake na upendo wake. Kulusumu aliwashukuru, akaweka chakula, gurusa, chapati laini za Kinubi, na mchuzi wa bamia, akasubiri Magid amalize tonge la mwisho. Kisha akatandika mkeka mbele yake.

"Magoti."

"Subiri," alisema Magid. "Shindano halikuwa la haki. Mgonjwa alinidanganya. Nilimuuliza, akasema ndiyo. Mtu akisema ndiyo, mimi nifanyeje, nimwite mwongo nyumbani kwake?"

"Magoti, Musawo."

"Tena huyu binti ametumia asubuhi nzima. Haboba hana kengele. Msahihishaji anayo. Salamu zile zingekuwa mtihani, sasa hivi tungekuwa tunafunga godoro lake."

Kulusumu alikubali kwamba hilo ni kweli, na Nusifa akaacha kutafuna. Haboba alikuwa ameshaingia ndani kuswali, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Mkeka ukakunjwa, deni la magoti likabaki wazi, na Namakwekwe ikagawanyika vyama viwili.

Njiani kurudi Mbale, walipopita Iganga, Nusifa alimgeukia Magid.

"Mwalimu, kuku waliniangusha kwa sababu nilikuwa siwasikii," alisema. "Watu wakinijibu, mimi nawaza swali linalofuata la senge. Leo nilimsikia."

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kuulizia kuku, halafu nisikilize kuku."

Magid alitazama nje. Alitaka kusema hapana, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa anafundisha mkato, na mkato ndio uliomtoa shimoni. Lakini maneno ya damu kwenye makohozi ya Haboba bado yalikuwa yanamwasha masikioni. Akasema watajaribu mara moja.

Walijaribu zaidi ya mara moja. Wagonjwa walirudi, Afande Wangila akiwa mbele. Nusifa alipiga goti moja badala ya mawili, hayo ndiyo yalikuwa mapatano, akasalimu, na pale nyumba ilipojibu kwa maumivu, aliingia kupitia mlango huohuo bila kuzunguka. Ukimuuliza Afande usiku alilalaje, akasema kwa mito mitatu ili apumue, basi moyo umeshajitaja. Huna haja ya kwenda shambani. Magid alishika mwiko juu ya kifuniko, macho kwenye saa. Nusifa akamaliza. Akataja ugonjwa. Akamshukuru mgonjwa. Mwiko bado uko juu.

"Kifuniko kimeharibika," alisema Magid.

"Bado hujakipiga, mwalimu," alisema Kulusumu.

"Ndiyo maana nasema kimeharibika."

Siku ya mtihani alimsindikiza mpaka lango la chuo, akabaki nje kwenye kibanda cha chapati, akijisemea kwamba ana njaa. Hakula. Alijua ukuta ule kwa ndani, alijua jinsi mtu anavyotoka mle akiwa amebeba miguu yake kama mizigo ya mtu mwingine. Kama binti huyu ataanguka kwa goti moja, basi ameangushwa na mwalimu aliyemruhusu.

Watahiniwa wakaanza kutoka. Akawauliza mgonjwa wa chumba cha mwisho ana nini.

"Kifua kikuu," alisema wa kwanza. "Amekubali dalili zote."

"Moyo," alisema wa pili. "Tena amekubali mpaka uvimbe wa miguu, japo sikuuona."

"Vidonda vya tumbo," alisema wa tatu. "Mzee mzuri sana, anajibu ndiyo kabla hujamaliza swali."

Magid aliweka chapati chini. Mzee huyo alikuwa hajamwona kamwe, lakini alimfahamu kama ndugu.

Nusifa alitoka karibu na mwisho. Uso wake haukusema kitu, kwa hiyo Magid alitazama gauni. Goti la kulia lilikuwa na duara la vumbi.

"Haya," alisema. "Kuku?"

"Hana kuku. Ana mbuzi. Nikamuuliza hawajambo?"

"Tena mbuzi."

"Akasema hawajambo, ila siku hizi wanamwonea wivu, kwa sababu anamaliza mtungi wa maji kabla yao. Nikamuuliza usiku. Akasema usiku ni mzuri, shida ni mbwa wa jirani wanaombwekea kila akitoka kwenda chooni, na sasa anatoka sana mpaka mbwa wamechoka kubweka. Nikamsifia suruali. Akasema ni ya sikukuu, mwaka jana ilimbana, mwaka huu ameifunga kwa kamba."

"Sukari," alisema Magid, kabla hajajizuia.

"Sukari. Nikaomba kumpima kidole, nikapewa majibu, ikawa sukari."

"Na kengele?"

"Ilinikuta namuaga."

"Msahihishaji je? Alisema nini?"

"Dokta Mugweri? Aliniuliza kama kwetu tunafuga mbuzi."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia tunafuga, na wanamsalimu."

Majibu yalipotoka, jina la Nusifa lilikuwa kwa waliofaulu. Mwenye duka la sabuni alitoa mche mzima akamzawadia, na Afande Wangila akampigia saluti ambayo, kwa maelezo yake, hajampigia mtu tangu astaafu. Nusifa akaenda kwao Buwenge, akarudi na mkungu wa ndizi, akasema ndizi hizi si za Mbale, ni za Haboba. Kulusumu akasema yeye pia anakwenda. Akabeba mkeka.

"Wa nini?" aliuliza Magid.

"Wa magoti," alisema Kulusumu.

Haboba aliwapokea akiwa amesimama, bila kugusa ukuta. Vidonge vilikuwa vimepangwa upya, msikitini alikuwa amerudi, na mke wa imamu alikuwa ameanza tena kukaa karibu naye. Nusifa alipiga magoti, na safari hii salamu zilikwenda mpaka mwisho, kuku na wote, hakuna aliyekata. Zilipokwisha, Kulusumu alitandika mkeka katikati ya baraza, akakaa juu ya kigoda mbele yake, akanyoosha gauni lake la gomesi.

"Binti amefaulu, Haboba amepona, kengele ilimkuta ameshamaliza. Una neno jingine, Musawo?"

"Ninalo lilelile," alisema Magid. "Kufaulu kwa Nusifa nimekubali, nimefurahi, hata kifuniko nimekitundika. Lakini shindano la siku ile lilikuwa kati yangu na mgonjwa mmoja, na mgonjwa alinidanganya. Muulize mwenyewe, yuko hapa. Haboba, kwa heshima zote. Niliuliza kikohozi, ukasema ndiyo. Damu, ndiyo. Mlima, ndiyo, na mlima haupo. Kwa nini hukuniambia hapana hata moja?"

Haboba Ramula alikata uzi kwa meno, akatazama kawa lake, akaridhika nalo.

"Magonjwa yale ulikuja nayo mwenyewe mkononi, mwanangu, na mimi nimefunzwa kwamba mgeni akileta kitu, humkatalii. Haya, magoti. Hilo la kushoto kwanza, ndilo lenye kiburi."